Mabawa Kumi na Moja

Furaha na wenzake wa atelier, karakana yetu, waliniomba niandike yale ninayoyajua kuhusu magurudumu ya turbo kabla sijayasahau. Waliniletea daftari kubwa la mistari mipana, kwa sababu wanajua hali ya macho yangu, na kalamu yenye wino mzito. Niliwaambia kwamba mtu aliyepumzika ana kazi moja tu, nayo ni kupumzika. Wakacheka, wakaliacha daftari mezani, wakaenda zao. Hii ni wiki ya tatu. Mama watoto amechoka kuliona pale karibu na kikopo cha chumvi, basi naandika.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, wala nani alikuwa chef wa karakana baada ya nani. Hayo yako kwenye karatasi, na karatasi zenyewe zimeliwa na panya nusu. Nitaandika kuhusu vipimo, kuhusu mikono, na kuhusu muzee mmoja. Kuna jambo ambalo sikulisema kwa miaka ishirini na kitu, na nyinyi wote mlikuwa mkilisimulia kwa namna isiyo ya kweli kwa sababu mimi nilinyamaza. Nitalifikia. Nisipolifikia, mtakuwa mmepoteza daftari zuri.

Nilifika atelier nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi wa malori na nilijiona mkubwa. Atelier ilikuwa palepale mnapoijua, chini ya Kadutu, hapa Bukavu, pale mvua inapoteremsha matope yote ya mlimani na kutuletea mlangoni. Muzee Cishugi, fundi aliyenifundisha, alikuwa mfupi, mtu wa kijiji cha Lwiro, na alivaa koti la bluu la kazi akilifunga vifungo vyote hata siku ya jua kali. Alianzia kwenye mashine za kiwanda cha chai, na turbo alijifunza peke yake kwa kufungua zilizokufa. Kabla ya kufungua mashine yoyote alifanya ishara ya msalaba, hata kama ni mashine ya kusaga muhogo.

Siku ile ya kwanza alinipa gurudumu la alumini linaloenea kiganjani, lile linalovuta hewa, akasema:

“Niambie hii ni ya gari gani.”

Nililigeuza huku na huku nikitafuta maandishi. “Muzee, haina numéro.”

“Mutu akikosa carte d’identité, mama yake hawezi kumujua?”

Akaniacha nalo asubuhi nzima. Saa sita alirudi, akakuta bado nalikodolea macho, akaniambia niende nikale, labda chakula kitanifundisha.

Wale mnaoanza, shikeni hili. Turbo ndiyo pampu inayoisukumia injini hewa, na nyingi zinazofika Bukavu zimepita mikono mingi. Moja imefunguliwa Dubai, imefungwa Kampala, imepakwa rangi njiani, na kile kibati cha nje chenye namba kimetoka kwenye turbo nyingine kabisa. Kibati kinaweza kusema hii ni ya jeep kumbe ndani mna gurudumu la lori dogo. Kwa hiyo ukitaka kujua turbo ni ya nani, liulize gurudumu lenyewe. Hesabu mabawa yake marefu, kisha mafupi kama yapo. Pima mdomo, yaani upande mwembamba unaoingiza hewa. Pima mgongo, yaani upande mpana unaoitoa. Pima urefu wa ncha, pima tundu la katikati, angalia linazungukia upande gani, na upapase chini yake kama pako bapa au pamejaa. Mkimaliza yote hayo, gurudumu litakuwa limewaambia jina lake, jina la baba yake na kijiji.

Kisha ile hesabu ambayo kila mmoja wenu amewahi kunijia nayo akiwa ameikosea. Chukua kipimo cha mdomo, kigawanye kwa kipimo cha mgongo, jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu zidisha kwa mia. Mdomo ukiwa arobaine na mbili na mgongo hamsini na sita, utapata hamsini na sita na kidogo. Namba hiyo inakuambia gurudumu lina koo pana kiasi gani. Ikikua, hewa inapita nyingi zaidi. Lakini msisahau tunaishi wapi. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na turbo inayofanya kazi kwa raha Uvira kule chini, ukiileta Bukavu inalazimika kukimbia zaidi ili ijaze injini ileile. Kijana akija kuwaambia mjomba wake wa Ulaya amemshauri gurudumu fulani, muulizeni mjomba anakaa kwenye mlima gani.

Muzee alikuwa na sheria moja kabla ya vipimo vyote. Alilishika gurudumu kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya ncha za mabawa, moja baada ya lingine, akihesabu. Sababu yake ni hii. Magurudumu mengi tuliyokuwa tukipata yalikuwa na mabawa marefu sita. Sita ni shufwa, kila ncha inatazamana na nyingine, kwa hiyo taya mbili za kipimo chetu, pied à coulisse, zinakamata ncha kwa ncha na kipimo ni cha kweli. Mabawa yakiwa ya namba isiyogawanyika kwa mbili, ncha moja inatazama pengo. Taya zinakaa vibaya na wewe huoni. Kipimo kinapungua, tena kinapungua kidogo, chini ya milimita moja, kwa adabu kabisa. Gurudumu la namna hiyo halipimwi kwa taya. Unakata tundu kwenye carton ya biskuti, unalipanua polepole kwa papier émeri, yaani msasa, mpaka gurudumu lipite likigusa kwa shida pande zote, halafu unapima tundu. Hayo alinieleza wiki ya kwanza. Miaka ile magurudumu hayo yalikuwa machache sana, labda tuliona matatu au manne, na kitu usichokiona kila siku kinatoka kichwani bila kuaga.

Sheria ya pili mnaijua, kwa sababu mpaka leo mnaifuata, ingawa sasa mnajua tu kuifuata, hamjui sababu yake. Watu wawili wanapima, kila mmoja peke yake. Kila mmoja anaandika namba yake kwenye kipande cha carton, anatia jina, anakilaza kifudifudi. Hakuna anayemwambia mwenzake. Kisha carton zinafunuliwa pamoja. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, tunaanza upya, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni anapiga mluzi. Zikikubaliana, Muzee anasema, “Tunaelewana,” na carton zote mbili zinafungwa pamoja na kuwekwa ndani ya kopo la biskuti. Madereva walituona wakadhani tunacheza karata saa za kazi.

Tulicheka sana miaka ile. Lori moja la Minova lililokuwa likileta kabichi liliingia likitoa moshi mweusi, na dereva anaapa kwamba tulimwekea turbo ya wizi. Tulipofungua tulikuta gurudumu limemeza kipande cha kitenge. Filtre ya hewa ilikuwa imepasuka, naye alifunga mahali palipopasuka kwa kitenge cha mkewe. Muzee alikitoa kipande kimoja kimoja kwa koleo, akakipanga mezani mpaka ua likaonekana, akamwambia, “Papa, umupelekee maman nguo yake.” Dereva yule aliendelea kuja kwetu mpaka alipozeeka. Kila mara Muzee alimuuliza habari za kabati la mkewe.

Macho ya Muzee yalianza kumwacha nikiwa na mwaka wa kumi na kitu kazini. Mwanzo alisogeza taa. Kisha akasogeza kipimo karibu na pua. Siku moja tulifunua carton, yangu ikasema arobaine na tatu nukta tisa, yake ikasema arobaine na tisa nukta tatu. Alizitazama, akatoka nje kana kwamba ameitwa. Hakuna aliyemwita. Nilichana carton yake, nikaandika nyingine kwa mwandiko unaofanana na wake, na aliporudi hakuuliza ile ya kwanza iko wapi.

Tangu siku ile nilianza kufanya jambo ambalo niliona ni wema. Nikimaliza kupima, nilijisemea namba kwa sauti ndogo, kama mtu anayejikumbusha: “Quarante-trois virgule neuf,” yaani arobaine na tatu nukta tisa. Muzee alichukua gurudumu, akaligeuza, akaweka kipimo, akaandika. Tukifunua, zinafanana. “Tunaelewana,” anasema. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo hata siku moja. Nilimpenda, na nilijua nyumbani Lwiro alikuwa na wajukuu aliowalea baada ya binti yake kufariki, na nilijua fundi asiyeona anarudishwa kijijini. Niliona ninamlinda. Miaka mitatu mizima carton zetu hazikupishana hata mara moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuwa jambo hilo ni baya. Ndani ya kopo la biskuti kulikuwa na karatasi za watu wawili, lakini aliyepima alikuwa mmoja.

Ndipo akaja Innocent. Baba yake aliuza vifaa vya ujenzi Nyawera, na yeye alikuwa na gari dogo la bluu la Kijapani, la mbio, lililokaa chini kiasi kwamba kila jiwe la Bukavu lililijua tumbo. Alitaka kulipeleka kwenye mashindano Bujumbura. Mdogo wake, Christian, aliyekuwa akimaliza shule ya sekondari, ndiye angekaa pembeni na kumsomea njia. Walileta gurudumu jipya la turbo kutoka Kampala, limechongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha alumini, linang’aa. Halikuwa na mabawa mafupi hata moja, yote marefu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona zuri vile.

“Tonton Déo, hii njo itatupandisha!” Innocent aliniambia, na vijana wenzake waliokuja naye wakapiga makofi.

Kazi ilikuwa hivi. Gurudumu jipya lilikuwa kubwa kuliko la zamani, kwa hiyo nyumba yake, ule mfuniko wa alumini linamozungukia, ilibidi ikachongwe kwa tour, mashine ya kuchongea chuma, ili ipanuke. Kati ya ncha za mabawa na ukuta wa nyumba tulizoea kuacha nafasi ya sehemu nne za kumi za milimita kila upande. Ukiacha kubwa, hewa inarudi nyuma na nguvu inapotea. Ukiacha ndogo, siku moja mabawa yanagusa ukuta.

Watu walikuwa wengi mezani. Christian ananiuliza maswali mazuri, Innocent anasimulia kona za mlima wa Ngomo kana kwamba amezilima yeye, na mimi nilifurahi kutazamwa. Niliweka taya kwenye mdomo wa gurudumu. Cinquante-cinq virgule quatre, hamsini na tano nukta nne. Muzee alinyoosha mkono alipokee. Kwa sababu ya kelele nilitaja namba kwa nguvu kuliko siku zote, na kwa sababu vijana walikuwa na mikono ya mafuta na gurudumu lilikuwa jipya, nililirudisha ndani ya boksi lake na kulifunika. Mkono wa Muzee ulibaki wazi juu ya meza kwa muda kidogo. Kisha akachukua kalamu, akaandika. Tukafunua carton mbele ya watu wote. Zilifanana.

“Tunaelewana,” alisema.

Sikuhesabu mabawa. Yalikuwa kumi na moja. Mdomo wa kweli ulikuwa hamsini na sita kamili, na fundi wa tour alichonga nyumba kwa namba niliyompa. Badala ya sehemu nne za kumi, ilibaki moja tu kila upande. Nililizungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka kimya kabisa. Kwa kidole lingezunguka hata kama ingebaki unene wa unywele.

Wiki mbili walizunguka nalo mjini bila tatizo, kwa kuwa barabara za mjini hazimruhusu mtu kukanyaga mafuta. Halafu wakateremka Kamanyola kulijaribu, na wakati wa kurudi walipandisha Ngomo mguu ukiwa chini muda wote. Mwendo mrefu wa namna ile turbo inapata moto, mhimili unapepesuka kidogo sana, na nafasi ya kidogo hicho ndiyo iliyokuwa haipo. Mabawa yaligusa ukuta, yakakatika, injini ikayameza. Ilizimika katikati ya kona. Gari lilirudi nyuma na kuanguka kwenye mawe upande wa Christian. Innocent alitoka na majeraha ya kichwa yaliyopona. Christian walimkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Baba yao alikuja siku ya nne na ndugu zake wawili, wameileta turbo ndani ya mfuko. Waliiweka mezani pale tulipozoea kufunulia carton. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Muzee Cishugi aliivuta ile turbo, akaingiza kidole gumba ndani, akafumba macho. Mabawa yalikuwa yamebaki mashina tu. Nilimwona midomo ikihesabu. Alifika mwisho, akarudia tena tangu mwanzo. Kisha akanigeukia, akasema polepole ili mimi tu nisikie:

“Déo, ulihesabu?”

Nilitazama meza.

“Nani alipima?” baba yao akauliza.

Muzee alisimama. “Ni miye. Macho yangu ilikufa tangu zamani, nikaficha. Huyu kijana aliandika tu ile nilimwambia.”

Akafungua kopo la biskuti, akatafuta carton mbili za gari la bluu kwa kuzisogeza karibu na uso, akakata jina langu kwa kalamu kwenye yangu, akaandika lake juu yake. Alizionyesha, akazirudisha. Halafu akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, vyote, akalitundika kwenye msumari, akatoka. Koti lile lilikaa pale miezi, na hakuna aliyethubutu kulishusha.

Mngependa niwaambie kwamba nilimkimbilia. Sikumkimbilia. Niliogopa. Nilikuwa na watoto wanne, nyumba ya kupanga Panzi, na baba wa watu amesimama mbele yangu akitafuta aliyemkata mwanawe mguu. Nilijiambia nitasema kesho, watu wakitulia. Watu walitulia, na mimi nikaona si vizuri kuwaamsha.

Nilimtembelea Lwiro mara nyingi. Nilimpelekea sukari na mkate wa mjini. Alinikaribisha uani, tukazungumza juu ya maharage, juu ya mvua, juu ya wajukuu ambao mmoja baada ya mwingine waliacha shule. Kila mara nilitoka nyumbani Bukavu nimeyapanga maneno yangu, na kila mara nilirudi nayo. Mara moja tu aligusa habari ya kazi.

“Unapimaka na nani sasa?”

“Na kijana mupya, Muzee.”

“Umuache ashike na yeye,” alisema. “Gurudumu. Umupe mu mikono ashike.”

Alikuwa amenifungulia mlango, nafikiri. Ningeweza kuingia. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha.

Alipofariki nilibeba jeneza lake upande wa mbele. Njiani watu wawili nyuma yangu walikuwa wakiongea, mmoja akamweleza mwenzake: “Ni ule muzee wa turbo, alificha macho mpaka mutoto wa watu akakatwa muguu.” Jeneza lilikuwa jepesi. Sikugeuka. Tulimzika, nikala wali wa kilio, nikarudi kazini Jumatatu, na tangu hapo ikawa hadithi ya atelier. Kila kijana aliyeingia aliambiwa asifiche macho kama Muzee Cishugi. Na mimi nilikuwepo. Wakati mwingine ni mimi niliyeisimulia.

Furaha alifika akiwa msichana, miaka kumi iliyopita. Aliletwa na mjomba wake, na wanaume wa atelier walimtazama kana kwamba amepotea njia ya soko. Nilimpa gurudumu bila namba, nikamwachia asubuhi nzima. Saa nne alinifuata, akanitajia gari, injini, na akaongeza kwamba limewahi kusawazishwa upya na mtu asiyejua kazi. Kweli lilikuwa hivyo. Vidole vyake ni bora kuliko vyangu vya wakati wowote, na nilimwambia mara moja tu ili asivimbe kichwa.

Mwaka jana, baada ya mvua za Pasaka, tulikuwa tunapima gurudumu la pickup ya mradi fulani. Nilinyanyua kipimo kwenye taa, nikakigeuza, nikakisogeza karibu. Furaha alikuwa amemaliza, amelaza carton yake. Nikamsikia anajisemea, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejikumbusha:

“Quarante-neuf virgule deux.”

Kalamu yangu ilikuwa tayari inaandika nne, ya mwanzo wa arobaine na tisa. Nikasimama hapo. Niliijua ile sauti. Nilijua jinsi inavyotoka, ilivyo ya upole, na jinsi mtu anayeitoa anavyojisikia moyoni mwake.

“Furaha, tangu lini?”

Akaanza kulia. “Tangu mwaka juzi, papa. Nilikuwa nakuheshimia tu.”

Mwaka juzi. Na mimi nilikuwa nikiamini kwamba naona. Yaani nilipokea namba zake zaidi ya mwaka, nikaandika, nikasema “Tunaelewana”, na sikujua hata kwamba ninasaidiwa. Ndipo nilipowaza kwamba huenda Muzee naye, siku zile za kwanza, hakujua. Nilifungua koti langu, nikaaga kazi. Kwenye sherehe ya kuniaga mlisema ninapumzika kwa ajili ya afya, mkanipa saa ya ukutani. Nawashukuru, naisikia vizuri.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Christian. Ana duka la dawa huko Nguba, na wengi wenu mnanunua kwake bila kujua. Ana mguu wa bandia na huwa anauvua mchana anapokaa nyuma ya kaunta. Nilimwambia yote, tangu namba ya kwanza niliyomnong’onea Muzee mpaka ile ya kwenye meza mbele yake. Wateja wawili waliingia katikati, akawahudumia, akarudi kunisikiliza.

“Papa Déo,” alisema nilipomaliza, “ule muzee alituma mutu kwangu mara tatu. Anaomba tu aniguse mukono kabla hajakufa. Mara tatu nilikataa. Nilimwambia ule mutu amwambie asitumake tena.”

Aliuvuta mguu wake wa bandia, akaanza kuuvaa.

“Unaniambia leo,” akasema. “Sasa ile nitaipeleka wapi?”

Sikujua, na sijui. Nilimwomba msamaha, naye hakunipa, na sikuwa nimekwenda pale nikidhani atanipa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, akaniuliza kama zile carton bado zipo.

Jumanne iliyopita alikuja atelier. Mlimwona, mkadhani ni mteja. Furaha aliteremsha kopo, akazipata carton mbili za gari la bluu, zimekuwa kahawia. Nilichukua kalamu hii hii ninayoandikia sasa. Chini ya jina la Muzee, pale alipolikata langu, nikaandika kwa herufi kubwa. Halafu nikamwomba Christian anisomee, kwa kuwa mimi mwenyewe nisingeweza kujua kama nimeandika juu ya mstari au nje yake.

Akasoma kwa sauti, na atelier nzima ikasikia: “Mabawa kumi na moja. Mimi Déo nilipima, sikuhesabu. Muzee Cishugi hakupewa gurudumu alishike.”

Akairudisha hiyo ndani ya kopo, ili ikae pale mnapoweza kuiona. Ile nyingine, yenye mwandiko wa Muzee na namba niliyomtajia, akaishika kwa muda, akauliza kama anaweza kuipeleka Lwiro na kuiacha juu ya kaburi. Hajui liko upande gani wa kanisa, inabidi nimwonyeshe. Tunaenda Jumamosi. Yeye na mguu wake mmoja, mimi na macho yangu haya, Furaha ndiye ataendesha.